Barua ya Wazi kwa Wanaochora Kanda za Ardhi: Mto Mlioufanya Mpaka

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mipango ya Matumizi ya Ardhi,

Nakala: Wakuu wa takwimu, mazingira, kilimo na mifugo, ambao ramani hii imekabidhiwa kwao waitumie.

YAH: RAMANI YA KANDA ZA ARDHI ILIYOCHORWA KABLA YA KUULIZA NANI ANAISHI WAPI NA KWA NAMNA GANI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeshawaandikia barua tatu kuhusu jambo hili. Ya kwanza nilijibiwa kwamba imepokelewa. Ya pili nikaambiwa suala linashughulikiwa. Ya tatu sikujibiwa kabisa, na nikiwa bado naisubiri, ramani ikachapishwa na kusambazwa kwa idara zote. Nimebakiwa na njia hii moja, ya kuandika hadharani, na ninaandika kwa heshima ileile niliyowaandikia nayo faraghani.

Mimi ni mchora ramani. Nilikuwa kwenye timu za uwandani zilizokusanya sehemu ya takwimu mlizotumia, kwa hiyo sizungumzi nikiwa nje ya uzio. Nawajua vijana waliokesha wakiandika lebo za sampuli za udongo kwa mwanga wa tochi. Kazi yao ilikuwa safi na sina neno nayo. Ninacholalamikia ni uamuzi uliofanyika mezani baada ya wao kurudi: kwamba kanda zichorwe kwanza kwa mvua, joto, mwinuko na udongo, halafu watu waingizwe mwishoni, kwenye kiambatisho, kama jedwali la idadi yao kwa kila wilaya.

Nianze na siku tulipoipeleka rasimu kijijini. Tuliitandaza juu ya meza chini ya mti na kuiwekea mawe manne kwenye pembe, maana kulikuwa na upepo. Mzee mmoja mfugaji akaomba aonyeshwe mto. Nikamwonyesha. Mstari wa bluu ulipita katikati, upande huu rangi ya manjano, upande ule kahawia, kila rangi na mpango wake. Mzee akaulaza mkongojo wake juu ya ule mstari akautazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "huu mto mmeufanya ukuta. Sisi hapa ndipo tunapokutana."

Wakati wa kiangazi, ng'ambo zote mbili hunywesha mifugo kwenye madimbwi yaleyale, kwa zamu wanazozijua wenyewe. Mashamba ya bustani ya ng'ambo moja hulimwa na watu wanaolala ng'ambo nyingine. Wameoana, wamekopeshana mbegu, na wanapogombana husuluhishwa na wazee walewale. Ukimwuliza mtu yeyote pale eneo lao linaanzia wapi, atakuonyesha mto na kukuambia linaanzia hapo, kisha linapanda pande zote mbili. Ramani yetu imelichana eneo hilo pale pale lilipo na moyo wake. Tangu siku hiyo sijaweza kuitazama kama nilivyokuwa nikiitazama zamani, na hoja zinazofuata zote zimetoka kwenye mkongojo ule.

1. Mmechora vinavyofanana, mkaacha vinavyotegemeana

Ramani yenu inajibu swali moja tu: ardhi ipi inafanana na ipi? Ni swali halali. Mteremko wenye mvua nyingi na udongo mwekundu unawekwa fungu moja na mteremko mwingine wa namna hiyo hata kama kati yao ni safari ya siku tatu. Uwanda mkavu unawekwa pamoja na uwanda mkavu mwenzake. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianza kugawa kanda za ikolojia ya kilimo miaka ya 1970 kwa kuhesabu urefu wa msimu ambao udongo una unyevu na joto la kuotesha mazao, na njia hiyo imesaidia wengi kujua zao gani lipandwe wapi.

Lakini mlima na uwanda ulio chini yake havifanani kwa lolote, na bado kimoja hakiishi bila kingine. Maji ya mlimani ndiyo yanayojaza visima vya uwandani. Kiangazi kikikaza, ng'ombe wa uwandani hupandishwa mlimani kula mabua, na samadi yao hubaki mashambani. Mkulima wa juu akifungua mfereji mpya, mfugaji wa chini atajua kabla ya wiki kwisha. Kwenye ramani yenu hawa wawili wako kanda mbili, chini ya mipango miwili, na maofisa wao hawana sababu ya kukaa meza moja. Mpango wa kanda ya juu unahimiza umwagiliaji. Mpango wa kanda ya chini unahimiza mifugo zaidi. Kila mmoja ukiusoma peke yake unaona una busara.

Hili lilishaonekana zamani. Mwaka 1878 mwanajiolojia John Wesley Powell aliwasilisha ripoti kuhusu ardhi kame za magharibi mwa Marekani. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1862 ilikuwa inampa kila mlowezi ekari 160, kipimo kilichozoeleka kwenye maeneo yenye mvua ya kutosha. Powell alisema kwamba kwenye ukame ekari 80 zinatosha kama kuna maji ya kumwagilia, lakini shamba la malisho linahitaji ekari 2,560. Akapendekeza pia mipaka ifuate mabonde ya mito, ili wanaotumia maji mamoja waamue pamoja kuhusu maji hayo, na miaka kumi na kitu baadaye akawa na ramani ya mabonde hayo yote. Hakusikilizwa, nchi iliendelea kukatwa kwa miraba iliyonyooka. Ninachojifunza kwake ni jinsi alivyofikiri. Ukubwa wa shamba aliupata kwenye mvua, na mpaka aliupata kwa watu waliolazimika kugawana maji. Alivitia vyote viwili tangu mwanzo wa hesabu.

2. Ardhi mliyoiita tupu

Hii ndiyo hoja inayoniuma zaidi, na naomba mnivumilie nikae nayo.

Kwenye ufunguo wa ramani kuna rangi ya kijivu hafifu, na mbele yake pameandikwa "ardhi isiyotumika". Nilichukua kifaa cha jipiesi nikaenda kwenye kipande kimoja cha kijivu hicho. Nilifuatana na mama mmoja wa kijiji kile. Kwa macho lilikuwa pori: nyasi zinazofika kiunoni, vichaka, miti michanga. Lakini miguu iliniambia jambo jingine. Nilikuwa napanda na kushuka, hatua baada ya hatua, kwa sababu chini ya nyasi kulikuwa na matuta ya zamani, yamelainika lakini yapo. Kwenye kona tulikuta mawe yamerundikwa kwa mkono. Mbele kidogo kulikuwa na mti uliochanjwa chale tatu kwenye gome, chale zilizopona na kuwa makovu.

"Hapo ni mwisho wa kwetu," mama akasema. "Kuanzia kwenye chale ni kwa shemeji yangu. Hili la kwetu tumelipumzisha. Likishapona, mwanangu atalifungua."

Waheshimiwa, hakuna setilaiti itakayowaletea maneno hayo. Picha za Landsat zinaona vipande vya mita 30 kwa 30, za Sentinel-2 zinashuka hadi mita 10, na zote mbili zinaona kilichofunika ardhi. Matumizi ya ardhi ni jambo jingine. Nyasi za shamba lililopumzishwa na nyasi za shamba lililotelekezwa zina kijani kilekile. Malisho ambayo wazee wameyafunga hadi kiangazi, na atakayeingiza ng'ombe kabla ya muda hutozwa faini, yakitazamwa kutoka angani yanaonekana kama ziada ambayo hakuna anayeihitaji. Yaani kadiri watu wanavyoitunza ardhi yao kwa nidhamu, ndivyo ramani yenu inavyoiona kuwa haina mwenyewe. Na ardhi ikishaandikwa haina mwenyewe, haikosi mtu wa kuiomba.

Mmejenga sehemu ya kazi yenu juu ya ramani ya kanda za ikolojia za dunia iliyotolewa mwaka 2001 na David Olson na wenzake, yenye kanda 867 za nchi kavu. Ni kazi kubwa na ninaitumia pia. Lakini mipaka yake ilikusudiwa kuonyesha jamii za mimea na wanyama zilivyotandaa kabla binadamu hajabadilisha sana matumizi ya ardhi. Anayetafuta mahali pa kuhifadhi aina fulani ya ndege ataifurahia. Anayepanga makazi na malisho ya leo kwa ramani hiyo anapanga nchi ambayo watu wametolewa ndani yake kwanza.

Mwaka 2008 Erle Ellis na Navin Ramankutty walionyesha kwamba inawezekana kufanya vingine. Waliweka pamoja wingi wa watu, matumizi ya ardhi na uoto, na ruwaza ilipojitokeza wakapata aina 21 za mandhari: vijiji vya mpunga, mashamba yenye makazi, malisho ya mbali, misitu inayokaliwa, na kadhalika. Kati ya 21 hizo, tatu tu ndizo walizoziita za porini. Zaidi ya robo tatu ya nchi kavu isiyofunikwa na barafu ilikuwa na alama ya makazi au matumizi ya binadamu. Miraba yao ina karibu kilomita 9 kwa upande kwenye ikweta, kwa hiyo hakuna atakayeitumia kugawia kijiji, wala siwaombi hivyo. Nawaomba mchukue mwenendo wao: neno "tupu" liwe jibu la mwisho, baada ya kuuliza maswali mengine yote.

3. Mmesema sheria za watu hazina nafasi kwenye ramani ya mazingira

Nilipoandika barua ya pili niliambiwa kwa mdomo kwamba taratibu za kumiliki na kugawana ardhi ni mambo ya jamii, na ramani hii ni ya mazingira. Naomba tutazame nyanda za malisho zilizopo pale Mongolia, China na Urusi zinapopakana. Ni nyasi za aina moja na hali ya hewa ya aina moja. David Sneath alizilinganisha kwa kutumia picha za setilaiti, na Elinor Ostrom na wenzake wakaueleza ulinganisho huo mwaka 1999. Upande wa Mongolia, ambako wafugaji walikuwa bado wanahamahama kwa makundi kati ya malisho ya msimu mmoja na mwingine, karibu sehemu moja ya kumi ya malisho ilikuwa imechakaa. Upande wa China, ambako malisho yaligawiwa kwa kaya moja moja, ilikuwa zaidi ya theluthi moja. Upande wa Urusi, uliopitia mashamba makubwa ya dola, karibu robo tatu.

Mpaka wa sheria ulionekana kwenye majani yenyewe. Ramani ya mvua na udongo ingepaka eneo lote lile rangi moja. Ingekuwa sahihi kwa kila kipimo chake, na isingemwambia mpangaji jambo aliloilipia ramani hiyo ili alijue, yaani kwa nini hapa nyasi zinapona na pale hazioti tena. Kwa hiyo taratibu za watu zina haki ya kukaa kwenye tabaka la kwanza, pamoja na mvua.

4. Wastani wa wilaya unaficha vijiji

Kiambatisho chenu kina wastani wa kila wilaya. Chukueni mfano mwepesi. Kata ina vijiji viwili, kila kimoja kina kaya 100. Cha mtoni, kaya 90 zina maji kiangazi. Cha juu, kaya 10. Wastani wa kata ni 50 kwa mia, na kwenye ramani itapakwa rangi ya katikati. Hakuna kijiji hata kimoja chenye hali hiyo ya katikati. Msaada utakaopimwa kwa rangi hiyo utakuwa mwingi kwa mmoja na kiduchu kwa mwingine.

Kuna hatari kubwa zaidi ya hiyo. Mwaka 1979 Stan Openshaw na Peter Taylor walichukua kaunti 99 za jimbo la Iowa, Marekani, wakapima uhusiano kati ya wingi wa wazee na kura za chama cha Republican. Kisha wakazikusanya kaunti zilezile kwa namna mbalimbali, mafungu haya mara hivi, mara vile. Kwa kubadilisha mipaka ya mafungu tu, uhusiano ule uliweza kutoka karibu na hasi kamili (kimoja kikizidi, kingine hupungua) hadi karibu na chanya kamili (vyote viwili huzidi pamoja). Takwimu zilikuwa zilezile. Mtu anayechora mipaka, basi, ana uwezo wa kuchagua jibu hata kama hakukusudia. Mipaka ya wilaya ilichorwa kwa ajili ya utawala. Kuibeba na kuifanya ndiyo mipaka ya maisha ya watu na mazingira yao ni kuchagua jibu bila kujua mmechagua lipi.

5. Kwa nini kanda ni tisa?

Swali hili nililiuliza kwenye barua zote tatu. Kompyuta hupanga ardhi kwenye makundi mangapi yoyote utakayoiamuru. Tomáš Václavík na wenzake, mwaka 2013, walitumia viashiria zaidi ya 30 vya matumizi ya ardhi, mazingira na uchumi na jamii, wakaigawa dunia katika aina 12. Ellis na Ramankutty walipata 21. Dunia ni ileile, na hakuna aliyekosea, kwa sababu kila timu ilieleza ilichoingiza na namna ilivyokata. Nyinyi mmetupa tisa. Hatujui tabaka zipi ziliingia, kila moja ilipewa uzito gani, nani aliamua, na kama mlijaribu saba au kumi na mbili mkaona nini. Ofisi inayodai ada kwa hati ya kiwanja kidogo haiwezi kushindwa kueleza hesabu iliyogawa nchi nzima.

6. Mstari mwembamba kupita kiasi, na tarehe isiyoonekana

Kwenye ramani ya kipimo cha 1:250,000, mstari wa nusu milimita unafunika mita 125 za ardhi. Kuna kaya ambazo nyumba yao iko kanda moja na zizi lao liko kanda nyingine. Mazingira hubadilika taratibu kutoka aina hadi aina; panapochanganyika pachorwe kama mchanganyiko. Na ramani ibebe mwaka wake kwa herufi zinazosomeka, maana picha za setilaiti ni za juzi lakini sensa mliyoipandisha juu yake ni ya zamani zaidi.

7. Watu waliitwa siku ya mwisho

Mikutano ya vijijini ilifanyika rangi zikiwa zimekwishapakwa. Watu walioitwa walitia sahihi ya mahudhurio, na sahihi hizo sasa zinatajwa kwenye dibaji kama ushirikishwaji. Mimi nilikuwepo. Mzee mwenye mkongojo naye alitia dole gumba kwenye karatasi hiyo. Maneno yake hayamo popote.

Kanada walipata kuchora tofauti. Kwenye mradi wa matumizi ya ardhi ya Wainuiti, wenyeji wa kaskazini yenye barafu, uliochapishwa mwaka 1976, wawindaji wenyewe walikaa na ramani wakachora, kila mmoja kwa kumbukumbu yake, njia alizopita na mahali alipowinda na kuvua maishani mwake. Ramani hizo zikipandishwa moja juu ya nyingine zilionyesha nchi ya barafu iliyojaa nyayo, mahali ambapo wengi walidhani hapana mtu. Ushahidi huo uliwasaidia kwenye mazungumzo yaliyozaa makubaliano ya ardhi ya mwaka 1993 na hatimaye Nunavut, eneo lao lenye serikali yake, mwaka 1999.

Waheshimiwa, nimekuwa ndani ya ofisi hizi muda wa kutosha kujua majibu yanayoandaliwa. Nayajibu mapema ili tusipotezeane muda.

Mtasema hakuna takwimu za kijamii zinazotosheleza. Zipo. Huko Afrika Kusini, Maike Hamann, Reinette Biggs na Belinda Reyers walitumia sensa ya kawaida ya taifa: kaya inachota maji wapi, inapikia nini, inalima au inafuga. Kwa maswali hayo, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2015, wakachora maeneo ambayo watu wanaishi kwa kutegemea mazingira yao ya karibu na yale ambayo watu wanaishi kwa vitu vinavyotoka mbali. Walichokikuta ni kwamba mgawanyo huo ulifuata sana kipato cha kaya, jinsia ya mkuu wa kaya na aina ya umiliki wa ardhi, na kwa sehemu tu ndio ulifuata wingi wa rasilimali zenyewe. Sensa yetu ina maswali ya jamaa hiyohiyo. Majibu yako kwenye seva za ofisi ya takwimu, na ngazi ya kijiji inawezekana bila kutaja kaya ya mtu.

Mtasema mambo ya watu hubadilika haraka mno kuwekwa kwenye ramani. Mito nayo huhama, na mvua imebadilika ndani ya umri wangu, lakini hakuna aliyependekeza tuache kuchora mito. Kinachobadilika hupewa tarehe na hurudiwa.

Mtasema pia kwamba tukiwaingiza watu, siasa itaingia, kila kijiji kitavutia kwake. Hofu hii naiheshimu kuliko zile nyingine, kwa sababu nimeiona ikitokea. Kuna wazee waliochora malisho yao hadi kwenye mashamba ya jirani. Dawa yake ni kuwakutanisha hao majirani juu ya karatasi moja, na pale wanapopishana pachorwe kama mahali penye ubishi. Hiyo pia ni taarifa, tena ya thamani kwa mpangaji. Kuandika "ardhi isiyotumika" juu ya shamba la mtu hakukuiacha siasa nje. Kumempa ushindi mtu ambaye hata hakuwepo mkutanoni.

Jambo moja dogo nalisema kwa tahadhari. Kuna maeneo ambayo wenyewe hawatataka yaonekane kwenye ramani ya hadharani: chemchemi za siri za kiangazi, mahali pa kuzikia, miti ya dawa. Kuwashirikisha watu kuna maana pia ya kukubali wakisema hapana.

Ninachoomba ni hiki:

(a) Ramani isitumike kuhamisha watu, kugawa ardhi kwa wawekezaji wala kufunga malisho hadi iwe imerekebishwa. Kwa ushauri wa mazao iendelee kutumika, huko inafaa.

(b) Neno "ardhi isiyotumika" lifutwe kwenye ufunguo. Kila kipande cha kijivu kitembelewe kwa miguu pamoja na majirani wa kipande hicho, na kiandikwe kinavyotumika: kimepumzishwa, kimefungwa hadi kiangazi, kina ubishi, au kweli hakina mtu.

(c) Mtangaze tabaka zote, uzito wake, na sababu ya kanda kuwa tisa, kwa lugha ambayo mwenyekiti wa kijiji ataielewa.

(d) Ichorwe ramani ya pili ya kusimama pamoja na hii, itakayoonyesha vinavyotegemeana: nani anakunywa maji ya nani, mifugo inapita wapi mwezi gani, mipaka ya makubaliano ya matumizi. Pale ramani mbili zinapopingana, mpango wowote upitiwe upya na maofisa wa pande zote mbili wakiwa meza moja.

(e) Takwimu za watu zishushwe hadi ngazi ya kijiji na ziingie kwenye hesabu ya kuchora kanda tangu hatua ya kwanza.

(f) Vikao vya vijiji vitangulie kupaka rangi, na kumbukumbu za vikao hivyo ziambatishwe neno kwa neno.

Kwa upande wangu, nina daftari za uwandani, alama za jipiesi za vipande vya kijivu nilivyotembelea, na picha za matuta na miti ya mipaka. Nitazikabidhi siku mtakayoniita, na niko tayari kufanya kazi hiyo ya kutembelea bila malipo kwenye vijiji ninavyovijua.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 60 tangu tarehe ya barua hii, na libandikwe palepale ilipobandikwa ramani, kwenye mbao za matangazo za vijiji. Yule mzee hajui kusoma, lakini ameniambia mjukuu wake atamsomea.

Wenu katika kazi,

Mchora ramani